Nilimwambia bosi naumwa nikaenda kupiga picha Taj Mahal, sasa picha iko ukutani kwa mama na wenzangu wa kazini wanakuja

Habari dada mshauri. Naomba jina langu usiliweke, na barua hii ni ndefu kidogo, utanivumilia maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula vikavu. Mwezi wa pili tulitumwa watu watatu Delhi, India, kwa siku kumi, mimi, mwenzangu mmoja na bosi wetu, tukajifunze mashine mpya ya kupima uzito na kufungasha ambayo kiwanda kimenunua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege na kiukweli nilikuwa nimefurahi mno.

Sasa nikurudishe nyuma. Marehemu baba alikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya Taj Mahal, lile jengo jeupe la kaburi kule India, mwaka ulipoisha badala ya kuitupa akaikata ile picha akaitia kwenye fremu, ikakaa sebuleni miaka na miaka mpaka rangi zote zikatoka ikabaki ya bluu tupu. Alikuwa anamwambia mama siku moja nitakupeleka ukaione mwenyewe, mama anacheka tu. Baba kafariki hajawahi kukanyaga hata uwanja wa ndege. Kwa hiyo naondoka, mama hakuniambia niletee kitenge wala nini, alisema neno moja, ukifika simama mbele ya ile nyumba ya baba yako upigwe picha uniletee.

Dada, mimi nilidhani Delhi na Taj Mahal ni mlango kwa mlango. Kumbe iko Agra, kama kilomita 200 na kitu, na ratiba yetu ilikuwa mafunzo Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili moja tuliyokuwa nayo bosi akaipangia kwenda kwa muuza vipuri. Ijumaa tulikuwa tunaachiwa saa sita nikasema basi Ijumaa ndiyo yangu, kijana wa mapokezi hotelini akacheka akaniambia Ijumaa Taj inafungwa kwa wageni, wanaingia wanaokwenda kuswali tu, na hata ile treni ya mbio ya asubuhi Ijumaa haiendi.

Ndiyo nikafanya nilichofanya. Alhamisi alfajiri nikamwandikia bosi meseji kwamba tumbo limenikamata usiku kucha siwezi hata kusimama. Mwenzangu nilimwambia ukweli, akasema nenda, nitakufunika. Saa mbili na dakika kumi asubuhi niko kwenye ile treni ya mbio, Gatimaan, pale stesheni ya Hazrat Nizamuddin Delhi, na kabla ya saa nne niko Agra.

Nilikata tiketi ya mgeni rupia 1,100 na 200 nyingine za kupanda mpaka kwenye kaburi lenyewe, nikapita ukaguzi, nikaingia lango lile kubwa jekundu, halafu ikatokea. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa ile picha ya baba ila nyeupe. Nililia pale katikati ya watu kama mtoto, na watu wanapita na selfi zao hawana habari.

Kupiga picha kwenyewe kukawa shida, lile marumaru linavyong'aa na jua la saa tano, kila aliyenipiga kwa simu yangu Taj imetoka safi mimi nimekuwa kivuli, meno tu. Mwisho mzee mmoja wa wale wapiga picha wenye vitambulisho akaichukua simu, akagusa kioo pale usoni kwangu, nikatokea. Nyuma Taj ikafifia kidogo lakini sura inaonekana, na mama hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ndani sikupiga maana hairuhusiwi, mdogo wangu ananicheka mpaka leo, eti umemdanganya bosi halafu ukamwogopa askari wa kaburini.

Jioni nikarudi. Kwenye kitasa cha mlango wa chumba nikakuta mfuko una maji, zile pakiti za chumvi za mtu aliyeharisha, na ndizi mbili. Bosi alikuwa amekuja kuniangalia, mwenzangu akamwambia nimelala. Dada zile ndizi sikuzila, zilikaa mezani mpaka tunaondoka.

Ungedhani imeishia pale. Mama kaipeleka picha studio ikakuzwa, jamaa wa studio akaiacha na tarehe chini kwenye kona, tarehe ile ile ya Alhamisi, na sasa imetundikwa sebuleni kando ya ile ya baba. Wifi yangu aliiweka stetasi, nani kaiona nani hajaiona sijui. Kazini bosi kasimama mbele ya watu kanisifu, kwamba huyu aliugua ugenini na kesho yake akarudi darasani, nataka watu wa namna hii, akanipa mimi kazi ya kuwafundisha mafundi wengine mashine itakapofika baada ya wiki tatu. Na Alhamisi ile darasani walifundishwa kuseti mizani. Sehemu yenyewe ya mizani! Mimi hiyo sikuiona.

Sasa mama anafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho wiki ijayo, na wenzangu wa kazini pamoja na bosi wamesema Jumamosi watakuja kumjulia hali. Watakaa sebule ile ile. Nilimwomba mama aishushe picha kwa siku moja tu, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Umeiba?" Nikasema hapana mama. Akasema basi iache.

Silali dada. Nimwambie bosi ukweli? Nikisema nafukuzwa, na ninyi mnajua kazi zilivyo. Ninyamaze? Au niichukue ile picha usiku niseme ilianguka ikavunjika? Nisaidie.

Mwenye picha ukutani


MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, pole, na asante kwa kuniandikia mambo kama yalivyo bila kujipamba. Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka pale kwa mdogo wako na askari wa kaburini, ya pili nikasimama kwenye zile ndizi.

Wacha niirudie hadithi kwa maneno yangu uone kama nimekuelewa. Ulitumwa kazini, ukiwa kule ukabeba na ombi la mama ambalo ndani yake kuna ahadi ya baba, ratiba ikakubana, ukatoa uongo wa siku moja ukapata ulichokifuata. Ile siku ingepita kama zinavyopita nyingi. Tatizo ni kwamba uongo umezaa: umesifiwa kwa ajili yake, umepewa cheo kidogo kwa ajili yake, na unatakiwa ufundishe kitu ulichokikosa kwa sababu yake. Na picha imekaa pale na tarehe yake kama risiti.

Kuna vitu kwenye barua yako umevisema kama vimeshathibitishwa, naomba tuviguse polepole.

Cha kwanza, hakuna mahali umeniandikia kwamba uliomba ruhusa ukanyimwa. Nimetafuta. Kuna ratiba, kuna Jumapili ya vipuri, kuna Ijumaa imefungwa, halafu moja kwa moja meseji ya tumbo. Inawezekana ulimjua bosi wako ukajua jibu kabla ya swali, wewe ndiye unayefanya naye kazi, mimi simjui. Ila mtu ninayemwona mimi kupitia barua yako ni yule aliyetoka mafunzoni akaja na ndizi mpaka mlangoni. Huyo na yule wa kukufukuza ni mtu mmoja? Labda ndiyo, watu wana pande mbili, na mtu mwema akidanganywa huwa anaumia zaidi ya mkorofi. Nakuuliza tu usije ukawa unaogopa bosi uliyemtengeneza mwenyewe kichwani.

Cha pili, na hiki nakisema kwa upole, barua nzima umeieleza kama safari ya mama. Nyumba ya baba yako, ombi la mama, picha ya mama. Lakini aliyelia pale langoni ni nani? Ulitaka kwenda, mdogo wangu. Ulitaka sana, na hilo si kosa hata kidogo, mtoto aliyekua akila chakula chini ya picha ile miaka yote akafika akaiona nyeupe, akose kulia kwa nini. Nalitaja kwa sababu ukienda kwa bosi ukasema "nilifanya kwa ajili ya mama" unamtanguliza mzee mgonjwa wa macho mbele kama ngao, na wewe mwenyewe utajua ni nusu ya ukweli. "Nilitaka kuiona" ni sentensi fupi na inasimama kwa miguu yake.

Na yule askari wa kaburini. Mdogo wako anacheka lakini mimi nimeona kitu. Ulikuwa umeshadanganya, umeshalipa zile 200 za juu, simu iko mfukoni, watu wengine siajabu walikuwa wanachomoa zao kwa kificho, na mama angefurahi mno kuona mle ndani, wewe hukupiga. Kwa hiyo heshima ya sheria unayo. Sheria ukiikuta imesimama mbele yako inaonekana unaitii, ila ile ya kazini ilikuwa mbali, iko kwenye simu, ukairuka kwa meseji moja alfajiri watu wamelala. Mimi hapo sikuoni mwizi, na sikuoni malaika pia. Namwona mtu aliyekosa ujasiri wa kuuliza kitu akiwa uso kwa uso, na nadhani hata sasa kinachokukosesha usingizi ni kile kile.

Haya, tuje kwenye njia ulizonazo.

Ya kuvunja fremu usiku ndiyo iliyonishtua. Fikiria kwa utulivu. Mama anatolewa mtoto wa jicho wiki ijayo, maana yake picha ile mpaka leo ameiona kwenye ukungu, anajua upo kwa sababu ameambiwa na kwa sababu ameinusanusa kwa karibu. Siku anapofunguliwa jicho, ukuta una picha moja. Utamwambia ilianguka. Hapo utakuwa na uongo wa kazini na wa nyumbani, na huu wa nyumbani unamdanganya yule ambaye uongo wa kwanza ulitolewa kwa ajili yake. Sikukatazi, nyumba ni yenu, ila uhesabu na hilo. Na stetasi ya wifi huwezi kuivunja.

Kuna wengine wangekuambia uchukue karatasi uzibe ile tarehe, au umpe mama soga la kuwapa wageni, kwamba mlikwenda Jumapili. Jumapili ulikuwa na bosi kwa muuza vipuri! Usianze.

Kunyamaza kunawezekana, tusijidanganye kwamba haiwezekani. Watu wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai, wanaongea na mgonjwa, nani anakwenda kusoma tarehe kwenye kona ya picha. Inaweza ikapita. Lakini hata bila tarehe, bosi alikuwa na wewe siku kumi zote, akikuona umesimama mbele ya Taj Mahal hahitaji kalenda, atajiuliza tu ulikwenda lini, na siku iliyobaki ni moja. Akijua hivyo akiwa na kikombe mkononi mbele ya mama yako, utakuwa umempa aibu ya kukaa kimya kwa heshima ya mgonjwa, na hiyo ataondoka nayo. Au hataona kabisa na utabaki unakesha mpaka mashine ifike.

Mashine sasa. Dada yangu mdogo, hapa ndipo nimekaa zaidi, maana naona wewe umeandika mistari miwili tu na mimi naona ndiyo barua yenyewe. Unakwenda kuwafundisha mafundi wenzako kuseti mizani ambayo hukufundishwa. Mizani ikisetiwa vibaya pakiti zinatoka pungufu, mnunuzi anaibiwa bila mtu kutaka kumwibia, au zinatoka zimezidi kiwanda kinakula hasara, na lawama inamwangukia kijana uliyemfundisha ambaye hajui lolote kuhusu Agra. Hili haliwezi kusubiri uamue kuhusu bosi. Hata ukiamua kunyamaza maisha yako yote, hili lina wiki tatu. Yule mwenzako aliyekufunika alikuwepo darasani, ana daftari, kaa naye jioni hata tatu nne akupitishe hatua kwa hatua. Kitabu cha mashine kitakuwepo, kisome. Na kama bado kuna sehemu haikai sawa, unaweza kumwomba bosi kwamba somo la mizani alifundishe mwenzako kwa sababu "mimi siku ile sikuwepo", na angalia, hiyo sentensi ni kweli tupu, huhitaji kuongeza kitu. Ila nakuonya, ni kweli inayokusogeza mlangoni, akikuangalia machoni unaweza ukajikuta unamalizia.

Njia ya kumwambia. Kama ndiyo utakayoichagua, muda una maana kubwa. Kabla ya Jumamosi ni tofauti na baada ya Jumamosi, mtu anayekuja kukwambia mwenyewe si sawa na mtu aliyekutwa. Hatari zake sizipunguzi: anaweza kukuandikia barua ya onyo, kukunyang'anya ile kazi ya kufundisha, kudai posho ya siku ile irudi, na kama sheria za kazini kwenu ni kali inaweza kwenda mbali zaidi, hivyo kabla hujafungua mdomo soma mkataba wako na zile kanuni mlizopewa ujue uongo wa ugonjwa safarini wanauitaje. Ukiingia na pendekezo mkononi, kwamba siku ile ikatwe kwenye likizo yangu na posho hii hapa, unazungumza kama mtu mzima. Ukiingia unalia unamwachia yeye kazi ya kukubembeleza.

Lakini subiri, kuna mtu mmoja umemsahau kabisa tangu mwanzo wa barua. Mwenzako. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni akamwambia bosi umelala. Ukikiri wewe unamkiri na yeye, na yeye hakupata picha, hakuona Taj, hakupata sifa mkutanoni. Kabla hujaenda popote zungumza naye, na akikwambia hapana naomba unyamaze, hapo una shida mpya ambayo siwezi kuimaliza kwa barua. Mnaweza mkakubaliana useme ulimwomba wewe akufiche, ambayo ndiyo ilivyo. Anaweza pia akakasirika. Ana haki.

Sijakwambia nenda au usiende, najua ulitaka nikwambie. Wewe ndiye unayejua kodi inalipwa na nani hapo nyumbani na mama anategemea mshahara wa nani, mimi nikisema "sema ukweli" kwenye karatasi sipotezi hata senti.

Nikuachie kitu kimoja cha pembeni, pengine utakihitaji ukiongea na mama kwa kuwa hukumletea picha za ndani. Mle juu ulipopanda kuna makaburi mawili, la Mumtaz Mahal, malkia aliyejengewa jengo lile, liko katikati kabisa, jengo zima kulia na kushoto limepimwa kutoka kwake, yeye alifariki 1631 na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata. La mumewe Shah Jahan, mfalme aliyelijenga, liko ubavuni, kubwa zaidi, na ndilo linaloharibu ule usawa wa pande zote, kwa sababu aliletwa baadaye, 1666, baada ya miaka ya kifungo alichofungwa na mwanawe pale kwenye ngome ya Agra. Hawakumhamisha mama wa watu kumpisha. Na walipozikwa hasa ni chini, yale ya juu ni ya kuonekana tu. Mwelezee mama taratibu, nadhani mjane ataisikiliza tofauti na sisi.

Daktari akishamwondolea kile kikinga jicho, nenda mapema kabla wageni hawajafika, kaa naye mbele ya zile picha mbili, ya bluu na yako. Mwache aangalie mpaka atosheke. Halafu lile swali lake la "umeiba" mrudie, usisubiri aulize tena, kwa sababu naona alikuuliza akitaka kujua, na wewe ulimjibu haraka sana.